Kulea na Kulelewa: Mzee na Mtoto katika Nchi ya Mara

Kiswahili kina methali mbili zinazopasa kusomwa pamoja. Ya kwanza ni "Penye wazee haliharibiki neno". Ya pili ni "Yatima hadeki". Ya kwanza humpa mzee heshima yake barazani, na ya pili humwambia mtoto aliyefiwa ukweli mchungu wa maisha yake. Zote mbili lakini zimenyamaa juu ya jambo moja: ni nani atakayemlisha mzee huyo siku nguvu zitakapomwisha, na ni nani atakayemvumilia yatima huyo japo hana wa kumdekea. Historia ya nchi ya Mara, mashariki ya Ziwa Viktoria, ni miongoni mwa historia zinazotoa majibu ya swali hilo kwa marefu na mapana, na majibu yenyewe si ya kupendeza yote.

Butiama ni pahala pazuri pa kuanzia. Kilima alikozikwa Mwalimu Julius Kambarage Nyerere tarehe 23 Oktoba 1999 kinaitwa Mwitongo. Itongo, katika lugha za huko, ni mahali palipokuwa na mji wa watu kisha wakahama. Ndilo neno ambalo mtu wa pwani angelitafsiri kuwa mahame au ganjo. Hapo pia wamelala baba yake, Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki, aliyefariki mwaka 1942, na mama yake, Mugaya. Kwa watu wa Mara, mahame hayakuwa pahala palipotupwa. Yalikuwa ni ushahidi wa nasaba, kwa kuwa wazee waliozikwa hapo waliendelea kuhesabiwa kuwa ni watu wa mji, na mtoto aliyezaliwa baada yao aliweza kupewa jina la mmoja wao. Hivyo mzee alikuwa na hakika ya mambo mawili: kulishwa akiwa hai na kutajwa akiwa amekufa. Mambo yote mawili yalitegemea kuwapo kwa mtoto.

Mji, ng'ombe na miaka ya njaa

Makabila ya Mara ni mengi, na taratibu zao hazikuwa sawa. Wakwaya, ambao mji wa Musoma umejengwa katika ardhi yao, walifuata urithi wa upande wa mama, na mjomba ndiye aliyekuwa na dhamana kubwa juu ya watoto wa dada yake. Wakurya wa kaskazini walifuata upande wa baba, na mali yao kuu ilikuwa ng'ombe. Wazanaki, Waikizu na jirani zao waliishi baina ya kilimo na mifugo, na kwao utaratibu wa marika na vizazi ulikuwa na nguvu kuliko utawala wa mtu mmoja. Walioingia rika moja walikuwa ndugu. Baba alipokufa, watu wa rika lake hawakuacha kuwa baba za watoto wake, walau kwa heshima na kwa ushauri.

Jambo moja lilikuwa la wote. Anayetawala mali ndiye aliyesikilizwa, na mali ilikuwa mikononi mwa wazee. Kijana alihitaji ng'ombe wa mahari, na ng'ombe walitoka zizini mwa baba au kwa mahari ya dada yake. Kwa hiyo utiifu wa kijana kwa mzee haukutokana na adabu peke yake. Pwani kulikuwa na wakfu, ambapo mwenye nyumba au shamba alifungia mali yake kwa manufaa ya kizazi chake na ya maskini. Huku Mara mali ya wakfu ilitembea kwa miguu minne, na mchungaji wake alikuwa ni ukoo mzima.

Utaratibu huo ulifaa katika miaka ya neema. Katika miongo ya mwisho ya karne ya 19, nchi ilipatwa na mfululizo wa misiba: sotoka ya miaka ya 1890 iliua ng'ombe, ndui iliua watu, na njaa ikafuata. Masimulizi yaliyokusanywa Mara ya kusini na mwanahistoria Jan Bender Shetler, aliyeyachapisha katika vitabu kadhaa kuanzia mwaka 2003, yanaonyesha jinsi kumbukumbu ya miaka hiyo ilivyobaki hai. Watu walikimbilia kwa jamaa na marafiki wa makabila mengine, na wapo waliowatoa watoto wao kwa jirani wenye chakula ili mtoto aokoke na mji upate nafaka. Mtoto aliyetolewa hivyo aliweza kugeuka mwana wa mji mpya na kusahau kwao. Yalikuwa ni malezi na yalikuwa ni biashara, na aliyekuwa ndani ya jambo hilo hakuulizwa. Msomaji wa historia hii hana budi kulikumbuka tukio hilo kila anaposikia kwamba zamani hapakuwa na yatima Afrika. Yatima walikuwapo, kilichokuwapo pia ni mlango wa kuwaingiza katika mji wa mtu mwingine, na kila mlango ulikuwa na ada yake.

Nyumba ntobu

Hakuna desturi inayoeleza ada hiyo kwa uwazi kuliko ile inayoitwa nyumba ntobu, iliyozoeleka zaidi kwa Wakurya na kupatikana pia kwa baadhi ya jirani zao. Mwanamke aliyezeeka bila mtoto wa kiume, aghalabu mjane, hutoa mahari ya ng'ombe na kuoa mwanamke kijana. Hapana mapenzi ya kimwili baina yao. Yule kijana huzaa na mwanamume aliyechaguliwa au aliyemchagua mwenyewe, na watoto wanaozaliwa ni wa yule mama aliyetoa mahari. Huchukua jina la mji wake, hurithi mashamba na ng'ombe wake, na humtunza uzeeni. Mwanamume aliyewazaa hana haki juu yao.

Akili ya desturi hii ni kubwa. Katika mfumo ambao mwanamke asiye na mwana wa kiume angepoteza nyumba mara tu mumewe akifa, na mali kuchukuliwa na mashemeji, nyumba ntobu ilimwezesha kuwa na sauti ya mwenye mji. Wajane wengi waliokoka kwayo. Watoto wengi pia walipata mji wenye jina, chakula na bibi anayewapenda kwa dhati, maana ndio tegemeo lake.

Lakini mtu wa tatu katika mapatano hayo ni yule msichana. Mara nyingi alitoka katika mji maskini uliohitaji ng'ombe upesi. Aliolewa akiwa mdogo, alitarajiwa kuzaa na kulima, na akitaka kuondoka aliwaacha watoto nyuma, kwa sababu watoto walikwisha kulipiwa. Uzee wa mwanamke mmoja ulilindwa kwa ujana wa mwingine. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, iliyoeleza ndoa kuwa ni muungano wa hiari baina ya mwanamume na mwanamke, haikuipa desturi hii nafasi. Matokeo yake ni kwamba inapotokea fitina juu ya mtoto au shamba, bibi na yule kijana wote wawili husimama mbele ya sheria wakiwa hawana hati ya uhusiano wao.

Kodi, dhahabu na shule

Ukoloni uliukuta mji wa Mara ukianza kupona. Wajerumani waliweka boma Musoma. Mapadre Weupe walifungua misheni Nyegina mwaka 1911. Wamenoni kutoka Marekani wakafika Shirati mwaka 1934, wakajenga hospitali ambayo baadaye ilihudumia pia wenye ukoma. Hizo ndizo zilizokuwa huduma za kwanza kutolewa kwa mtu bila kuulizwa ukoo wake.

Serikali ya Waingereza, kwa upande wake, ilihesabu kodi kabla ya kuhesabu wenye dhiki. Vijana walikwenda kutafuta fedha katika machimbo ya dhahabu ya wilaya ya Musoma, kama yale ya Kiabakari na Buhemba, au wakajiandikisha jeshini, na Wakurya walisifika kwa kazi hiyo. Aliyepata mshahara aliweza kujinunulia ng'ombe wa mahari bila kupitia zizini mwa baba. Tangu hapo heshima ya mzee ilianza kutegemea moyo wa kijana, wala haikuwa tena na ng'ombe wa kuitetea.

Shule nayo iliwatoa watoto mjini. Mwaka 1934 Kambarage, mtoto wa Mtemi Burito, alipelekwa Shule ya Mwisenge mjini Musoma, umbali wa maili 26 hivi kutoka Butiama. Mtemi mwenyewe alikuwa na wake wengi, wanaotajwa kufikia 22, na Mugaya alikuwa mmoja wao. Mtoto aliyekulia katika mji wa namna hiyo alijua maana ya kula chungu kimoja na watoto wa mama wengine. Alijua pia, kwa kumtazama mama yake, ni nani aliyelima kilichokuwamo chunguni.

Ujamaa na kasoro mbili

Mtoto huyo alipokuwa kiongozi wa nchi aliutumia mji kama mfano wa taifa. Katika makala yake ya mwaka 1962 juu ya ujamaa, Mwalimu alieleza kwamba katika jamii ya zamani kila mtu alikuwa na hifadhi. Mzee aliyeonekana kukaa tu bila kazi alikuwa amefanya kazi ujanani, na mali aliyokuwa nayo aliishika kwa niaba ya wote walioizalisha. Azimio la Arusha, lililotangazwa mwezi Februari 1967, liliitia fikra hiyo katika siasa ya nchi: kila mtu awe mfanyakazi, isipokuwa watoto wadogo, wazee na wasiojiweza, pamoja na wale ambao dola haijaweza kuwapatia kazi. Kwa mara ya kwanza mtoto na mzee wa Butiama walitajwa katika hati ya taifa kuwa ni watu wenye haki ya kula jasho la wenzao bila kuitwa wanyonyaji.

Wengi huishia hapo wanapomtaja Mwalimu. Katika maandishi yake mengine ya mwaka huohuo 1967, juu ya ujamaa vijijini, alikiri kwamba mji wa zamani ulikuwa na kasoro mbili. Ya kwanza ni hali ya wanawake, waliofanya kazi kuliko sehemu yao na kupata heshima pungufu. Ya pili ni umaskini: watu waligawana sawa, lakini walichogawana kilikuwa kidogo. Kwa maneno mengine, yule aliyeusifu mji kuliko watu wote alijua vyema kwamba hifadhi ya mzee na mtoto ilisimama juu ya mgongo wa mwanamke.

Kuhamia vijijini, baina ya mwaka 1973 na 1976, kulileta shule, zahanati na visima karibu na watu. Kulileta pia mahame mapya. Wazee waliotolewa katika miji yao waliyaacha makaburi na mashamba yaliyokuwa sababu ya vijana kuwasikiliza. Kijiji kilikuwa na mwenyekiti na kamati, ila hakikuwa na zizi la ukoo.

Bibi na wajukuu

Ukimwi uligunduliwa nchini kwa mara ya kwanza mkoani Kagera, ng'ambo ya Ziwa, mwaka 1983. Katika miongo miwili iliyofuata ulizunguka pwani zote za Ziwa Viktoria, ukipita katika mialo ya wavuvi na miji ya barabarani. Bunda iko katika njia kuu itokayo Mwanza kwenda Musoma na mpaka wa Kenya, kati ya Ziwa na mbuga ya Serengeti. Watu wake hulima pamba na mihogo, huvua, na huwapokea wageni kila siku. Hapo, kama kwingineko kandokando ya Ziwa, kizazi cha kati kilipungua. Wakabaki bibi na wajukuu.

Hii ilikuwa ni kupinduka kwa methali zote. Mwana aliyelelewa ili alee alikufa kwanza, na mzee akaanza kulea upya akiwa na miaka 60 au 70. Mjukuu aliyestahili kuwa shuleni ndiye aliyechota maji, akapika, akampeleka bibi zahanati. Dawa za kupunguza makali ya virusi zilipoanza kutolewa na serikali mwaka 2004, mauti yalipungua, lakini kaya zilizokwisha kuvunjika hazikurudi kama zilivyokuwa. Kamati za vijiji za kuwatambua watoto walioishi katika mazingira hatarishi ziliundwa, na mpango wa taifa wa kuwahudumia ukaanza mwaka 2007. Kazi kubwa ya kila siku ilibaki ya bibi.

Bibi huyohuyo alikuwa katika hatari nyingine. Katika nchi za kandokando ya Ziwa, kifo cha kijana kilitafutiwa mkono, na mkono uliotajwa mara nyingi ulikuwa wa mwanamke mzee, mjane, anayeishi peke yake na mwenye macho mekundu. Wekundu huo ulitokana na miaka mingi ya kupikia kuni na mavi ya ng'ombe katika nyumba isiyo na dirisha. Sheria ya uchawi ipo tangu mwaka 1928, lakini haikuwazuia waliokuja usiku na mapanga. Aghalabu nyuma ya tuhuma palikuwa na shamba. Mjane aliyeuawa au aliyekimbia aliacha ardhi, na ardhi ilikuwa na wenye kuitamani. Hivyo wale waliotakiwa kumlinda, yaani jamaa zake, wangeweza kuwa ndio waliomtaja.

Sheria, ofisi na nyumba salama

Kwa hali hiyo, kuingia kwa serikali katika malezi hakukuwa anasa. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilimtaja mzee kuwa mtu wa miaka 60 au zaidi, na ikaahidi matibabu bila malipo kwa asiye na uwezo. Ahadi hiyo ndiyo iliyozaa dirisha la wazee katika hospitali na vituo vya afya. Thamani yake humtegemea mganga wa siku hiyo na dawa zilizomo kabatini. Mzee akiandikiwa dawa ya kununua dukani, msamaha wake umekwisha hapo. Wale wasio na jamaa kabisa wana makazi ya serikali, na katika Mara makazi hayo ni Nyabange, wilayani Butiama. Baadhi ya makazi ya namna hiyo nchini yalianza kama kambi za wenye ukoma, na wengi wa wakazi wake wa kwanza walipelekwa huko kwa sababu miji yao iliwaogopa.

Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini wa TASAF, ulioanza kuenea nchini baada ya mwaka 2012, ulileta jambo jipya: fedha taslimu mikononi mwa kaya, kwa sharti kwamba mtoto mdogo ahudhurie kliniki na mkubwa ahudhurie shule. Aghalabu mpokeaji ni mwanamke. Fedha ni kidogo, lakini hutoka mahali ambapo shemeji hawezi kuzizuia. Kwa bibi mwenye wajukuu ni tofauti kubwa, kwani huweza kununua daftari bila kuuza kuku wa mwisho.

Kwa upande wa watoto, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ilieleza haki zao na kuwapa maafisa ustawi wa jamii mamlaka ya kuingilia kati. Sheria hiyohiyo ilimtaka mtoto, kwa kadiri ya umri na uwezo wake, awaheshimu wazazi na wazee na kuwasaidia wanapohitaji. Agano la kale la mji limeandikwa humo kwa lugha ya Bunge. Mitaani mwa Musoma, watoto waliokosa mji walipata hifadhi katika kituo cha Jipe Moyo, kinachoendeshwa na masista wa Kikatoliki.

Mtihani mkubwa kuliko yote ni ukeketaji. Tangu mwaka 1998 sheria imekataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 hadi 2016 ulionyesha kuwa asilimia 32 ya wanawake wa Mara wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa. Ule wa mwaka 2022 ulionyesha asilimia 28. Msimu wake ni Novemba na Disemba, shule zinapofungwa. Wasichana hukimbia nyakati za usiku kwenda katika nyumba salama, ikiwamo ile ya Kiabakari wilayani Butiama, au katika dawati la jinsia na watoto la polisi.

Hapa ndipo historia yote ya Mara inapokutana. Anayemkimbiza msichana ni mara nyingi baba anayetaka mahari, shangazi anayetaka heshima ya ukoo, au bibi anayeamini kwa dhati kwamba asiyekeketwa hatapata wa kumwoa na kumtunza. Msimu ukiisha, afisa ustawi wa jamii hukaa na wazazi, maneno husemwa, ahadi hutiwa saini, na msichana hurudishwa. Wengine hurudi kwa amani. Wengine hukataliwa mlangoni, wakabaki katika nyumba salama miaka, wana wazazi hai lakini wanaishi kama yatima. Nyumba salama inaweza kumpa kitanda, shule na cherehani ya kujifunzia ushoni. Haiwezi kumpa jina la mji.

Pwani na bara

Visiwani hali ina sura yake. Zanzibar ina makazi ya wazee Sebuleni na Welezo, Unguja, na Limbani, Pemba. Mwezi Aprili 2016 ilianzisha Pensheni Jamii, inayolipwa kwa kila mzee aliyefika miaka 70 bila kuulizwa aliajiriwa wapi wala ana watoto wangapi. Kiwango cha kwanza kilikuwa shilingi 20,000 kwa mwezi, kikaongezwa baadaye kufikia shilingi 50,000. Bibi wa Makunduchi hupokea haki hiyo kwa sababu ya umri wake tu. Bibi wa Bunda hana budi kwanza athibitishwe katika mkutano wa kijiji kuwa ni maskini. Baina ya hao wawili pana tofauti ya heshima kubwa kuliko tofauti ya fedha.

Hata hivyo haifai pwani ijione imemaliza hesabu. Sensa ya mwaka 2022 iliwahesabu wenye miaka 60 na zaidi katika Jamhuri ya Muungano kuwa asilimia 5.7 ya watu wote. Sehemu hiyo itakua, na vijana watazidi kuhamia mijini, Musoma kama Unguja. Familia haitaondoka katika kazi ya kulea, kwa kuwa hakuna ofisi inayoamka usiku kumgeuza mgonjwa ubavu. Lakini familia iliyoachiwa kazi hiyo peke yake humtafuta aliye dhaifu zaidi na kumtwika: zamani mtoto aliyetolewa wakati wa njaa, kisha msichana wa nyumba ntobu, kisha bibi mwenye wajukuu watano. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na katika Mara wabebaji wake wamejulikana siku zote kwa majina.

Huko Mwitongo, Mugaya amelala kilima kimoja na mwanawe. Aliyeandika kwamba mji wa zamani uliwadhulumu wanawake hakuhitaji kwenda mbali kupata mfano.